Jiwe Nililong'arisha Siku ya Wazazi

Jamani, mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Nyamira, na tangu Ijumaa sina uso wa kumtazama mama yeyote anayesugua mawe.

Muhula mzima niliwahubiria wanafunzi: koili mbili za umeme mkali, hata zisipogusana, umeme huvuja kati yake, kwa hivyo weka kizuizi kikavu katikati. Ijumaa hiyo, siku ya wazazi, kizuizi changu kilikuwa jiwe bapa la sabuni kutoka Tabaka, kwa wachonga vinyago. Nilitaka ling'are. Asubuhi nikalitumbukiza majini, nikalisugua kwa msasa kama wachongaji, nikalipangusa juu juu, nikalifunga kati ya koili.

Mkuu wa shule alisimama mbele ya wazazi akiwa ameshika taa ndefu ya darasani, ambayo niliapa ingewaka bila waya. Nikawasha. Taa haikuwaka. Nikawasha tena. Koili zikakoroma kama nyanya yangu kanisani.

"Kwamboka!" nikamfokea mwanafunzi wangu. "Wewe ndiye uliyezungusha hii waya ya koili. Umeiharibu!"

Msichana akainamisha kichwa. Nikazima umeme, nikaanza kuhutubia ukumbi kuhusu uzembe. Mama yake, ambaye amesugua mawe Tabaka tangu ujana, akaja mbele, akapitisha kidole chini ya jiwe, akakiinua. Tone la maji lilining'inia.

"Mwalimu, hili uliliosha leo?"

"Asubuhi, mama."

Akalifungua, akaliweka dirishani penye jua, akavuta kiti.

"Litakauka polepole. Wewe muombe msichana wangu msamaha. Hatuna haraka."