Mfalme Aliyeposa Barazani Kwangu

Fundi viatu anayekaa kwenye kona ya baraza langu, mtaa mzima unamwita Gundi, na si kwa sababu ya chupa yake ya gundi tu. Akikaa mahali habanduki. Alikuja kipindi cha mvua kuomba kujikinga, yeye na kiti chake kifupi na kile chuma chenye umbo la mguu wanachopigilia viatu. Mvua ikaisha. Yeye hakwisha. Nikamtoza kodi ya kona nikidhani atakimbia, akalipa bila kupunguziwa. Hapo ndipo nilipoanza kumshuku, maana mtu anayekubali bei ya kwanza ana lake jambo.

Ni mtu mrefu, anapokaa kwenye kile kiti hujikunja kama mwavuli. Kazi alijifunza kwenye kiwanda cha viatu ambacho siku hizi ni ghala la saruji. Huongea misumari ikiwa mdomoni, imejipanga kama meno ya ziada, na hajawahi kumeza hata mmoja. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa vimepasuka mbele, vinacheka. Wateja wakimtania, anasema, "Mganga hajigangi." Mke hakuwa naye. Nilimwuliza siku ya kwanza kabisa, kwa sababu swali haliozi tumboni mwangu.

"Mtu mzima wewe, mbona huna mke?"

"Sijajaliwa, mama."

Mama! Mtaa mzima unaniita bibi, mpaka mwenye duka ambaye ni bibi kuliko mimi. Yeye peke yake mama. Nikaliweka hilo akiba.

Nilikuwa na sababu. Nina binti mmoja. Nilimwoza kwa mtu mwenye ulimi wa asali, yule mtu akafa, na udongo wa kaburi haujakauka ndugu zake wakaja na gari. Walibeba kabati, wakabeba masufuria, wakabeba mpaka godoro alilolalia mjane. Binti yangu alirudi kwangu na watoto wawili na cherehani aliyoing'ang'ania kwa mikono yote miwili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu siku ile kila mwanamume aliyesogea karibu na mlango wangu kwangu ni ung'ongo. Walimnyang'anya mara moja. Mara ya pili itabidi wanipite mimi kwanza.

Cherehani aliiweka dirishani, na dirisha linatazama barazani. Anashona sare za shule. Akikanyaga, nyumba nzima inanguruma, nami nikiwa jikoni najua mambo ni salama. Siku moja mkanda wa cherehani ulikatika. Kabla sijauliza nani wa kuutengeneza, Gundi alikuwa ameshaushona na kuupitisha dirishani, na malipo akakataa. Hilo nalo nikaliweka akiba.

Sasa huyo mfalme. Kuna Mwalimu, mstaafu aliyefundisha historia mpaka nywele zikamhama, ambaye huja kusoma gazeti barazani kwangu kwa kuwa mkewe hataki porojo nyumbani. Alileta viatu vyake viwekwe soli, na wakati anangoja akasimulia habari za mfalme mmoja wa zamani sana, nchi za baridi huko, enzi za mapanga na farasi. Kijana, shujaa, hajaoa. Akivuka mto kwenda vitani mkanda wa tandiko la farasi ukakatika, akaangukia majini na mavazi yake ya chuma, akazama kama jiwe la kusagia. Ufalme wakagawana wajomba.

Gundi aliacha kupiga nyundo. "Ulikatikia wapi? Kwenye ngozi au kwenye mshono?"

"Vitabu havisemi," Mwalimu akajibu.

"Ni kwenye mshono. Fundi alitumia uzi mkavu, hakuupaka nta. Ningeushona mimi ule mkanda, yule bwana angevuka."

"Basi tuseme kavuka," alidakia muuza mkate, ambaye huegemeza baiskeli yake kwenye nguzo yangu bila kuomba. "Kavuka, kashinda, karudi. Si lazima aoe sasa? Anamwoa nani?"

Balaa likaanzia hapo. Ikawa kila siku mfalme anaozwa. Mwalimu alikuwa na wachumba wawili, wa kwenye historia yake: binti wa mfalme wa ng'ambo, ambaye baba yake angemjengea mkwe daraja juu ya ule mto, na binti wa tajiri wa bandarini, mwenye meli nyingi na meno mabovu. Muuza mkate alishika upande wa daraja. Mwalimu alishika upande wa meli.

"Na hayo meno?" muuza mkate aliuliza.

"Mfalme hamwoi mtu ili amtafunie."

"Wewe Mwalimu, usiku taa ikizimwa meli itamsaidia nini?"

Halafu siku moja akatokea wa tatu, mjane wa jemadari wa kaskazini, mwenye ngome ya mawe na watoto wawili. Nilikuwa jikoni, sikusikia aliletwa na nani. Nilipotoka na ndoo nilimkuta ameshakaa katikati ya mazungumzo, na Gundi anamtetea mpaka jasho linamtoka.

"Hao mabinti wanalitaka taji," alikuwa akisema. "Huyu ameshaiona kofia ya jemadari ikiwekwa juu ya jeneza. Anajua uzito wa taji."

Nikasikia cherehani imenyamaza.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwanza mama, kisha mkanda, sasa mjane mwenye watoto wawili! Hakuna mtu anayemhangaikia maiti aliyezama zamani namna ile bila faida yake. Nikawa nachambua mchele karibu na mlango, masikio nje. Ikitajwa meli, cherehani inanguruma. Akitajwa mjane, kimya. Nilipotosheka na ushahidi nilichukua kigoda changu, nikatoka nikakaa katikati yao.

"Mimi ni mama wa huyo mjane," nikawaambia. "Nani kamposa mwanangu bila mimi kuulizwa?"

Muuza mkate alipiga makofi. "Mama mkwe kaingia! Mfalme, funga vifungo!"

"Huyo mfalme wenu, umri wote huo hajaoa. Ana ugonjwa gani?"

Wote wakamtazama Gundi. Mkanda wa tandiko aliushona yeye, kwa hiyo mfalme alikuwa wake.

"Hana ugonjwa, mama. Alikuwa vitani."

"Vita gani hivyo visivyo na likizo? Na watoto wa mwenzake, atawalea au atawasimanga?"

"Atawafundisha kazi ya mikono."

"Mfalme gani ana kazi ya mikono!" Muuza mkate alicheka peke yake.

"Watakaa wapi?" nikauliza.

Gundi akaiweka nyundo chini. "Mfalme atahamia kwenye ngome ya mjane. Si haki kumhamisha tena mtu aliyekwisha kuhamishwa."

Ngome! Nimekunasa. Nikautazama ukuta wangu, bati langu, mlango wangu wa mbao ngumu. Kumbe huyu bwana hataki binti tu, anataka na paa. Nikasimama.

"Mama wa mjane amekataa. Mfalme akaoe daraja."

Gundi alirudisha macho kwenye kiatu. "Mama akikataa, basi," alisema katikati ya misumari. "Mfalme havunji mlango wa mtu."

Hakubisha hata kidogo. Kesho yake muuza mkate alimwozesha mfalme kwa daraja, vifijo mpaka barabarani, Mwalimu akanuna kwa ajili ya meli zake, na Gundi akawa anapigilia soli kama anayefunga sanduku la marehemu. Nilishinda. Lakini nimeshawaambia kuhusu mtu anayekubali haraka.

Na cherehani haikunguruma, si siku ile wala iliyofuata. Nikasema, aha, mkanda umekatika tena, sasa watapata kisingizio. Nikaingia kuupima kwa kidole. Mzima, umekaza, hata uzi mmoja haujalegea. Mezani sare imelala, mkono mmoja umeshonwa nje ndani. Binti yangu anatazama ukuta.

"Mkanda mzima huu," nikamwambia.

"Najua."

"Basi nini?"

"Mama, Mwalimu alileta wachumba wangapi?"

"Wawili. Daraja na meli."

"Na yule wa tatu katoka wapi?"

Nikawaza. Kwa Mwalimu hakutoka, na muuza mkate hana akili ya kumbuni mtu mzima pamoja na ngome.

"Katoka dirishani hapa," binti yangu akasema. "Niliwauliza mimi, je, huko kwao hakukuwa na mjane hata mmoja? Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka."

Nikaketi kitandani. Kikulacho ki nguoni mwako. "Kumbe nalinda mlango, na mwizi yuko ndani anakula kwenye sahani yangu!"

"Sijaiba kitu, mama. Nimeuliza tu. Ukanijibia wewe."

Mimi si mtu wa kula matapishi yangu, nikisema nimesema. Ila mama wa mjane anaweza kuwa alisahau swali, na kuuliza ulichosahau si kurudi nyuma. Asubuhi nikatoka na kigoda.

"Harusi imesimama," nikawaambia wote watatu.

"Bibi, daraja limeshajengwa!" muuza mkate akalia.

"Livunjwe." Nikamgeukia Gundi. "Mfalme akifa, maana wafalme wenu wanapenda kufa, ndugu zake wakija na gari, watachukua nini?"

Mwalimu alifungua kinywa. "Kwa sheria za enzi zile..." Nikamwonyesha kiganja, akakifunga.

Gundi alitema misumari, akaimwaga yote kwenye kopo. Sikuwahi kumwona mdomo mtupu. Ana pengo.

"Ya mfalme siyajui, mama," akasema. "Mimi nina kaka mmoja. Akija atakuta kiti hiki, nyundo, chuma na chupa ya gundi. Achukue. Vilivyo nyuma ya mlango huo ni vyenu, na hawa wawili wamesikia."

Mwalimu akavua miwani. "Ngojeni kwanza. Hapa tunazungumza historia ipi?"

"Nyamaza, Mwalimu," muuza mkate akamwambia. "Hii bado haijaandikwa."

Nililigeuza lile jibu kama samaki wa sokoni, nikalinusa kichwa na mkia. Sikuona penye ubovu, jambo ambalo nalo linatia shaka.

"Mlango wa mbele ni ule pale," nikamwambia. "Hapa kwangu hakuna kuposa kwa kumtuma maiti. Na uoshe mikono."

Alikuja Jumapili, Mwalimu ametangulia mbele yake kama mshenga. Shati lilipigwa pasi, kucha bado zina gundi. Mimi nilitazama miguu kwanza. Vile viatu havikuwa vinacheka tena. Vimeshonwa, vimepigwa rangi, vinang'aa. Kwa hiyo siku zote alikuwa anaweza!

"Mbona ulingoja mpaka leo kuvishona?" nikamwuliza pale pale mlangoni.

"Sikuwa na pa kwenda navyo, mama."

Ndani cherehani ilianza kunguruma, siku ya mapumziko, hakuna hata sare ya kushonwa. Nikawaacha wasimame kidogo, kisha nikasogea wapite.

Ndoa ikafungwa, na siku hizi analala ndani, mchana yuko kwenye kona yake barazani. Godoro nililinunua mimi, na mtaa mzima unajua ni la nani. Anapokula bado namtazama. Juzi alijaribu kuniuliza, kwa upole, kama ataendelea kulipa kodi ya kona. Nikamjibu kuwa mkwe ni mkwe, kona ni kona. Akalipa hapo hapo, bila kupunguziwa.