Baba Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Pikapu hizi za watu binafsi zimetuokoa, ila hujui utapanda na nani. Juzi, kule Kinyala, yetu ilisimamishwa na mama kijana aliyebeba mtoto mwenye degedege. Nilishamsogezea nafasi nyuma. Mara akajifunika kanga usoni, akatugeuzia mgongo, akaelekea migombani.

"Mama, panda, mtoto anakufa," akasema dereva, mgeni huku kwetu.

"Siwezi. Baba mkwe yumo."

Kweli, mzee alikuwa amekaa mbele. Kwa sisi Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani, sembuse kupanda gari moja. Na gari jingine ni mpaka kesho. Nilimsikia mtoto akikoroma.

Mlango ukafunguka. Mzee akashuka na fimbo yake, akashika njia kwenye mvua bila kugeuka. "Nendeni," akasema.

Mama kijana akapanda, nami nikabaki naye hospitali. Saa tisa mchana mzee alifika kwa miguu, matope hadi magotini. Akasimama nje ya geti, akaniita.

"Mama, mtoto anapumua?"

"Anapumua."

"Basi usimwambie mkwe wangu nimekuja. Atashindwa kutoka."