Omariba na Kichwa cha Tripodi

Kama unataka kumjua mume wangu, usimuulize habari za kanisa wala za siasa. Muulize habari ya kichwa cha tripodi. Halafu tafuta kiti ukae, maana hutatoka hapo mapema.

Jina lake ni Kepher Omariba. Mimi ni Janefer, mkewe, nashona nguo pale sokoni Kericho. Yeye ni mpiga picha: harusi, matanga, mahafali ya chuo cha Kabianga, watoto wakibatizwa. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba la chai, akalelewa na mama yake, Mama Bitutu, aliyetoka Kisii akiwa msichana na hajarudi mpaka leo. Kila kitu alicho nacho Omariba, kuanzia karo ya shule hadi kamera yake ya kwanza, kilitoka kwa mikono ya huyo mama. Analijua hilo vizuri sana. Shida yake ni kwamba hata jambo rahisi lazima alitafutie njia ya kuzunguka.

Mwaka huu shamba liliamua kwamba sehemu ya akina Mama Bitutu nayo itachunwa kwa mashine. Wanawake waliobaki wakaambiwa Ijumaa fulani ndiyo ya mwisho, baada ya hapo kila mtu afunge mizigo yake aende kwao. Omariba aliposikia akaniambia, "Mama Nyaboke, unajua sina hata picha moja ya mama akichuna chai?"

Ni kweli hana. Picha zote za Mama Bitutu ni za Krismasi, amesimama wima na kibeti mkononi kama anayesubiri kuapishwa. Ndani ya shamba kamera hazitakiwi. Na yeye mwenyewe ukimwambia unakuja kumpiga picha, ataoga, atajipaka mafuta, atavaa nguo ya kanisa hata kama yuko katikati ya majani yenye umande.

"Nataka mikono yake ikiwa kazini," Omariba akasema. "Uso wake ukiwa hauna habari na mimi. Nitampiga picha kutoka barabarani, ng'ambo ya bonde. Bila yeye kujua."

"Si umwambie tu? Mwambie asimame upande wa huku, avae nailoni yake ya kazini ya kujikinga umande, basi."

"Nikimwambia atavaa nguo ya kanisa."

"Basi mwambie asivae!"

"Wewe humjui mama."

Mimi? Mimi ambaye nimepika naye, nimeuguza naye, nimezalishwa mtoto wetu wa kwanza, Nyaboke, yeye akinishika mgongo? Kubishana na Omariba ni kujitafutia kuumwa na kichwa.

Ng'ambo ya bonde ni mbali, kwa hivyo aliazima lenzi ya rafiki yake Kiptanui, anayepiga picha za mbio na za mpira huko Bomet. Jameni, hiyo lenzi! Nilipoibeba kutoka mlangoni hadi mezani nilidhani nimebeba mtoto wa mwaka mmoja. Huwezi kuishika mkononi ukapata picha, lazima ikae juu ya tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Tripodi yetu ilikuwa na miguu imara. Ila kile kichwa cha juu, kile chenye mpira wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe ili kamera iangalie popote unapotaka, kilikuwa cha kamera ndogo. Ukikiwekea lenzi ya Kiptanui, kilikuwa kinainama taratibu mpaka kamera inaangalia sakafu.

Hapo ndipo mateso yangu yalianza.

Msimu mzima wa mvua sikuwa na mume, nilikuwa na mwanafunzi wa vichwa vya tripodi. Nikipepeta mahindi, ananiletea simu usoni: angalia hiki, mpira wake ni mkubwa. Nikikamua ng'ombe, anakuja na simu: hiki kina kifundo kikubwa cha kukazia na kingine kidogo cha kupunguzia ulegevu, unaona? Nikiwa na pini mdomoni na mteja mbele yangu, anapiga simu kuniuliza kama nadhani chuma cheusi ni imara kuliko cha kijivu. Kwani mimi ni fundi wa tripodi? Kiptanui alimwambia maneno machache tu, tena mbele yangu: "Nunua chenye mpira mkubwa. Na ufunge lenzi, usifunge kamera. Lenzi iko na mguu wake pale chini. Uzito ukae katikati." Mtu mwingine angesema asante aende dukani. Omariba akasema atafanya utafiti.

Na siku zilikuwa zinakwisha. Nilikuwa namkumbusha kila asubuhi kwamba nyumba ya mama yake iko karibu, tunaweza kwenda Jumamosi yoyote tumwambie. Hapana. Ilikuwa lazima kwanza kichwa.

Mwishowe kikafika, wiki yenyewe ya mwisho. Kwenye boksi kumeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba kinabeba mzigo mzito ajabu. Omariba akakifunga juu ya tripodi, akachukua mtungi wangu wa maziwa, tena una maziwa ya jioni, akautundika hapo. Kikashika. Akaruka kwa furaha, akanikumbatia, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi pia. Nilifikiri yameisha.

Ijumaa hiyo tulifika barabarani mapema. Niliacha kazi yangu kwa sababu alisema anahitaji mtu wa kumshikia vitu. Ukungu ulikuwa umefunika bonde lote, tukangoja. Ulipopanda tukawaona ng'ambo, wanawake wachache kwenye mistari ya chai, vikapu mgongoni. Mama Bitutu nilimtambua mara moja kwa kitambaa chake cha kijani na kwa vile anavyorusha majani nyuma ya bega bila kugeuka.

Omariba akamweka katikati ya picha, akakaza kifundo, akaachilia mkono. Nikachungulia kwenye kioo cha kamera. Uso wa mama ukaanza kupanda juu. Ikaja nailoni yake ya kiunoni. Ikaja chai. Zikaja gambuti za miguuni.

"Kinashuka," nikasema.

"Naona."

"Si umekaza?"

"Nimekaza!"

Akarudia. Uso, nailoni, chai, gambuti. Akakaza mpaka vidole vikawa vyekundu. Akajaribu kulenga juu zaidi ya kichwa cha mama ili kikishuka kimfikie, kama mtu anayevizia panya. Kikampita. Akampigia Kiptanui, akaweka sauti nje.

"Umefunga lenzi ama umefunga kamera?" Kiptanui akauliza.

Omariba akainama kuangalia.

"Omariba?"

"Kamera."

"Kwani nilikwambia nini mimi?"

"Lakini mtungi wa maziwa ulishika!"

"Mtungi umening'inia chini, bwana. Hiyo lenzi yote inavuta mbele!"

Nilitembea mpaka kwenye mtaro nikarudi, maana ningebaki pale ningesema kitu ambacho hakisahauliki. Omariba akafungua, akageuza, akafunga kwa ule mguu wa lenzi kama alivyoambiwa tangu mwanzo. Sasa kikasimama vizuri kidogo. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Halafu kikaanza tena, polepole: uso, nailoni, chai.

Nikashika kile kichwa mimi mwenyewe. Vidole vikateleza. Nikavinusa.

"Baba Nyaboke. Hii ni nini?"

"Nini?"

"Hii inayoteleza."

Akaangalia pembeni. "Jana usiku kilikuwa kinakwaruza nikikizungusha. Nikakilainisha kidogo."

"Na nini?"

Ile harufu naijua, naishika asubuhi na jioni. Huku kwetu mafuta ya kukamulia ni ya kila kitu: matiti ya ng'ombe, midomo iliyopasuka, bawaba za mlango, viatu, mashavu ya watoto. Omariba alikuwa amefungua kichwa kipya alichokitafuta msimu mzima, akaupaka ule mpira wa chuma mafuta ya kukamulia.

"Kitu kazi yake ni kushika!" nikapiga kelele. "Kushika tu! Na wewe unakipaka mafuta!"

"Punguza sauti, watu wanatuangalia."

"Waangalie!"

Na kweli walikuwa wanaangalia. Ng'ambo kule wanawake wawili walikuwa wamesimama, mikono kiunoni. Asubuhi nzima walikuwa wametuona tukizozana kando ya barabara na lile bomba jeusi limewaelekea. Wakati huo sikulitilia maanani, nilikuwa na hasira zangu.

Omariba alikifungua kichwa juu ya magoti yake, akapangusa mpira kwa leso yangu, akapangusa kikombe, akapangusa tena na majani makavu. Mafuta hayatoki hivi hivi. Akakirudisha, akakaza, na kwa usalama nikafunga lenzi kwa ile mipira ya tyubu tuliyofungia begi kwenye bodaboda, nikaizungusha mpaka kwenye miguu ya tripodi. Juu ya hayo nikapiga magoti kwenye changarawe, nikaweka bega chini ya lenzi. Nguo yangu nzuri, changarawe, bega. Mvua ilikuwa tayari imeanza kunguruma upande wa msitu wa Mau.

"Usipumue," akaniambia.

"Nipumue lini, kesho?"

"Tulia, Janefer. Nampata. Nampata kabisa. Mikono yake, ona mikono yake." Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtoto. "Sasa ainue uso. Mama, inua uso."

Akainua. Niliona kwenye kioo, pembeni ya jicho langu. Mama Bitutu aliinua kichwa akaangalia moja kwa moja kwetu, na kabla Omariba hajabonyeza, akavuta kile kitambaa cha kijani akafunika uso wote. Kisha akageuka, akatupa mgongo.

"Kwa nini anafanya hivyo?" Omariba akauliza. "Kwa nini anafanya hivyo?"

Tukangoja. Akachuna mstari mzima akiwa ametupa mgongo. Akihamia mstari mwingine, anavuta kitambaa. Omariba akampigia simu, ikalia huko nyumbani ilikoachwa. Akapunga mikono yote miwili. Akaita, "Mama!" lakini bonde ni bonde, na upepo ulikuwa wa mvua. Mama Bitutu alitupungia mkono, ule wa kufukuza kuku, na wenzake wakacheka mpaka wakainama. Kisha mvua ikashuka. Wanawake wakabeba vikapu, wakashuka kwenda kupima, wakapotea nyuma ya miti. Kazi yake ikaisha hivyo. Hakuna siku nyingine iliyobaki.

Kichwa hakikushuka tena hata kidogo. Kilikuwa kimesimama pale kwenye mvua, kimeshika imara kabisa, kikiangalia chai bila mtu. Nilitamani kukitupa mtaroni.

Jioni tulikwenda kwake, maana alikuwa ametualika kula. Vitu vyake nusu vilikuwa kwenye magunia. Alikuwa na furaha ya ajabu, ya mtu aliyemaliza, akatuwekea ugali na mboga ya chinsaga na maziwa. Omariba alikaa nywele zikiwa bado na maji. Mimi nilikuwa nimejipanga kumwambia mama kila kitu, kuanzia mtungi wa maziwa.

"Leo tumeona vituko," Mama Bitutu akaanza, akicheka. "Kulikuwa na wajinga wawili barabarani na kamera kubwa kama bunduki. Mwanamume na mwanamke. Asubuhi yote wanagombana! Nyapara alikuwa ametuambia, mkiona watu wa kamera, hao wanatafuta picha zenu waende kuziuza mitandaoni, waseme ona maskini wa chai wanafukuzwa. Mimi nikasema, siku yangu ya mwisho? Mimi? Nikawanyima." Akachukua kitambaa, akatuonyesha alivyovuta. "Hivi! Halafu nikawapa mgongo mpaka mvua ikawafukuza."

Nilifungua mdomo. Omariba akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa nguvu, na nilipomwangalia niliona macho yake yananiomba. Nikafunga mdomo. Mungu anajua jinsi ilivyonichoma.

Mama alimwekea kipande cha ugali, akamtazama, kicheko kikapungua.

"Lakini wewe, mwanangu. Harusi za watu wote hapa Kericho unapiga wewe. Mbona mimi hukuwahi kuja kunipiga picha nikichuna? Kwako nisingejifunika."

Ningemtetea. Wallahi, pamoja na hasira zangu zote, ningemtetea mpaka asubuhi. Lakini aliona afadhali mama amwone mtoto asiyejali kuliko ajue kwamba yule aliyenyimwa picha pale barabarani ni mwanawe.

"Nilichelewa, mama," akasema. "Nisamehe."

"Haya," akasema Mama Bitutu, akamsukumia bakuli la mboga. "Kula, kinapoa."