Siku Niliyomsifu Wandera

Ngurumo ya skuta ilinifikia kabla sijaona vumbi lake. Nilichelewa kutoka kanisani pale Busia, na kundi letu la waendesha skuta lilikuwa na sheria: aliyechelewa ajiunge nyuma, asiulize safari mpaka injini zizimwe. Nikajiunga.

Tulizima injini kijijini Lumino, kwenye boma nisilolijua.

"Tumekuja kumposea Wandera," Ouma, kiongozi wetu, akaninong'oneza. Wandera, mwenzetu wa skuta, alikuwa karani wa Bwana DC, kijana mpole. "Wewe mwalimu, maneno unayo. Simama utusemee."

Mimi nani nikatae kusikilizwa? Mbele ya wazee nilisema Wandera hanywi, hagombani, na skuta yake huilaza ndani kama mtoto mchanga. Nikaapa kwamba msichana atakayemkataa hana akili timamu. Wazee wakacheka, mama wa nyumba akapiga kigelegele, nami nikanyoosha tai yangu.

"Basi binti mwenyewe aitwe," baba wa nyumba akasema.

Aliingia na maji ya kunawa. Alikuwa Nekesa, mwanafunzi wa uuguzi kule Tororo. Mwaka mzima nilikuwa nikimwandikia barua kwa siri, nikiahidi kwamba nitafika kwao kujitambulisha, na kila mwezi nilipata udhuru mpya.

Alianza na mikono yangu. Maji yalimwagika taratibu, hayakutetemeka.

"Kumbe njia ya kwetu unaijua, mwalimu," akasema.

Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, huyo Wandera nimemkubali."

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.