Mtani wa Mama Kalunde

Siku za kazi Hemed hutengeneza mashine za hospitali, na mikono yake ni ya fundi hasa, kucha fupi na kovu la bisibisi kwenye kidole gumba. Jumapili mchana mikono hiyohiyo ilikuwa ikivaa glavu ndefu nyeupe katika mkahawa mmoja wa Minneapolis. Hapo aligeuka Bi Chausiku, mama wa Kizaramo mwenye maringo na mdomo, na wateja walicheka mpaka chakula kikawapalia. Maonyesho hayo ya wanaume kujipamba kike wenyeji huyaita drag.

Kazi alifundishwa na Lenny, mzee wa Kimarekani aliyeianza ujanani. Lenny alimsimulia kwamba zamani mjini humu mwanamume akikutwa na gauni alikamatwa, na waliomfundisha yeye walitembea na suruali kwenye mkoba kwa tahadhari. Hemed akamwambia kwao Tanzania ilikuwa kinyume. Mtu akifa, mtani wake, yaani mtu wa kabila linalotaniana na lake, huvaa nguo za marehemu, hata kama marehemu ni mwanamke na mtani ni mwanamume, akatembea na kusema kama yeye palepale msibani. Na waliofiwa humjibu kama wanavyomjibu marehemu mwenyewe.

"Kumbe nyinyi mliitwa," Lenny alisema. "Sisi tulikimbizwa."

Hemed alikubali, tena kwa kujidai kidogo. Hakujua kwamba zamu yake ya kukimbizwa inakuja.

Majira ya kuchipua mwaka huu mtu alirusha video ya Bi Chausiku kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa Burnsville, pembezoni mwa jiji. Mwenyekiti wetu ni Redempta, muuguzi, mwanamke wa kupanga hata yasiyopangika. Alimwondoa Hemed kabla ya chai ya saa nne, akaandika: "Tuna watoto. Huyu ametuvua nguo." Sisi wengine tukaweka vidole gumba. Ndivyo tulivyo, wepesi wa vidole.

Hemed aliona aibu, na aibu yake iliudhi kuitazama, maana aliibeba kana kwamba ni haki yake. Aliacha maonyesho. Unga wa ugali akawa anaufuata kitongoji cha Crystal, mbali kote huko, ili asikutane nasi dukani. Alimpigia mama yake Dar kumwomba radhi kwa video ambayo mama wa watu hakuwa ameiona.

Kisha Mama Kalunde akafariki. Alikuwa mama yake Redempta, aliyeletwa kutoka Tabora kulea wajukuu, na alikuwa mtani wa Hemed, Mnyamwezi kwa Mzaramo. Kila walipokutana walitukanana mpaka wote wawili wakaridhika. Tulipokaa kupanga msiba wazee waliuliza mtani ni nani. Mzaramo tuliyekuwa naye ni mmoja tu, na tulikuwa tumemtoa.

Redempta alipiga simu mwenyewe, mbele yetu, sauti ikiwa wazi.

"Hemed, mama hawezi kusafirishwa bila mtani."

"Da Redempta, si mimi niliwavua nguo?"

"Hii ni mila. Ile nyingine ni... Please, njoo tu. Flight ya mwili ni Alhamisi."

Alikuja macho chini. Redempta alimpa gauni la kitenge la marehemu, kilemba na miwani, akamwonyesha chumba. Alipotokea, ukumbi uliangua kicheko. Alikuwa Mama Kalunde mtupu, na lile goti bovu, na ile tabia ya kufunua sufuria za watu bila kuulizwa.

"Redempta, wali huu umeupika au umeuadhibu?"

Redempta alicheka huku machozi yanamtoka. "That's literally Bibi," alisema mjukuu mmoja, akiwa amejishika mdomo.

Chakula kilipoletwa, Hemed aliketi, akapangusa miwani, akatuangalia mmoja mmoja kama alivyofanya bibi yule kila mara kabla ya kula.

"Nani hayupo? Sili mpaka wanangu wote wafike."

Naamini hakukusudia. Lilimtoka kwa sababu ndivyo bibi alivyosema, kisha akajisikia mwenyewe na uso ukamshuka. Lakini neno la mtani halirudishwi, na mfiwa lazima ajibu.

"Hemed hayupo, mama," alisema Redempta.

"Yuko wapi?" Sauti ilikuwa ndogo sasa.

"Nilimfukuza."

"Alifanya nini?"

Redempta alilitazama gauni lile la mama yake, kutoka kola mpaka pindo.

"Alivaa gauni, mama."

Hakuna aliyecheka. Hemed alikamata kitenge kwa mikono yote miwili, asijue aendelee au avue. Redempta akajifunika uso kwa kanga, na sote tulijua kwamba hapo hakuwa akimlilia mama yake.