Siku Nilipojitia Rangi ya Makoti

Kuna asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mkono wangu hupanda wenyewe kichwani. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba yetu kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, beseni mbele yangu, rangi nyeusi ikinichuruzika mpaka masikioni, na mtoto wangu wa tatu akilia ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kilichonipeleka pale ndicho ninachotaka ukisikie, maana tangu ujifungue nakuona unavyojifunga kitenge kichwani na kupita mbele ya kioo bila kukitazama.

Wacha kwanza nikwambie nilivyokuwa. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa huko Uvira, na sisi mabinti zake tulikua na harufu ya hina. Kila Alhamisi mama alituketisha mkekani, akatupaka mmoja baada ya mwingine. Nilipoolewa na Ramazani, fundi cherehani, nikaja kuishi Bukavu, watu walinitambua kwa mbali: nywele nyingi, zinang'aa wekundu juani, nimezisuka mistari. Walisema, "Yule Mwamini mwenye nywele." Sikujivuna. Haya, nilijivuna kidogo. Uzee hauniruhusu kukudanganya.

Kisha wakaja watoto. Kwanza mapacha, halafu, kabla hao hawajajua hata kunawa uso, akaja Zena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tunasema kila siku. Na uchovu wa mwana je, nani anauzungumza? Nywele zikaanza kutoka, kila nikichana nabaki na konzi mkononi. Zilizoota tena mbele, juu ya paji, ziliota nyeupe, kama ilivyo kwa ukoo wa mama yangu. Nikajifunga kitambaa cheusi, nikasema nitakifungua nikipata nafasi. Nafasi haikuja. Hata jina langu lilipotea. Kwa kila mtu, na mume wangu pia, nilikuwa Mama Mapacha. Usinielewe vibaya, hilo ni jina la heshima. Lakini mtu anaweza kuheshimiwa na bado akajikosa.

Siku moja sokoni, mwanamke mmoja kutoka Mudaka aliyekuwa akiuza maharagwe alimtazama Zena mgongoni kwangu. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, weupe wangu uko nje.

"Nyanya," akasema kwa furaha, "mujukuu yako anafanana na weye sana!"

Alikuwa na moyo mwema, maskini. Aliniongezea hata konzi ya maharagwe juu ya nilichonunua. Nikamshukuru, nikapanda kilima huku nalia, na kila niliyekutana naye nikamwambia ni jasho.

Enzi hizo za Wabelgiji, mume wa jirani yetu alikuwa mpishi katika nyumba ya wazungu kule chini karibu na ziwa. Jirani huyo alinisimulia kwamba madame wao hujitia rangi ya nywele mwenyewe, nyumbani, mbele ya kioo chake, kisha hutoka kama mtu mpya. Nikasema moyoni: kama yeye anaweza, miye nashindwa na nini?

Ningeweza kuagiza hina kwa dada zangu Uvira. Lakini hina ina harufu, haifichiki, na mimi niliishi na mama mkwe wangu, Bibi Zamda. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, daima katika kanga iliyopauka na kichwa kimefungwa. Nilijiaminisha kwamba najua atakachosema: mama wa watoto watatu, unajipamba kwa ajili ya nani? Kuuliza si ujinga, mwanangu. Mimi nilijijibu kabla ya kuuliza, na jibu nikalitia katika kinywa cha mtu ambaye hajalisema.

Basi nikachukua kwa siri unga mweusi katika duka la Ramazani, ule aliotumia kuyarudishia weusi makoti ya watu yaliyochakaa. Nikangoja mpaka Bibi Zamda ameondoka kwenda kumwona mgonjwa mtaa wa Bagira. Nikawalaza watoto, nikauchemsha ule unga, nikajipaka.

Mwanzoni nilisikia joto tu. Kisha likawa kama pilipili. Nikakimbilia ndoo, nikakuta nusu ya maji. Robine, bomba letu la maji, ilikuwa chini ya kilima, na foleni yake unaijua. Nikamwaga yote kwa mara moja, rangi ikaniingia machoni. Wakati huo ndipo nilipogundua kwamba Zena halii tena. Nikafungua jicho moja kwa nguvu. Alikuwa ametambaa mpaka nje, viganja vyake viwili vimo ndani ya beseni, na kimoja kinaelekea mdomoni.

Nilipiga kelele ambayo sijawahi kupiga tena.

Mungu ana njia zake. Bibi Zamda alikuwa amekutana na mgonjwa wake njiani, anatembea kwa miguu yake, wakasalimiana na yeye akageuza. Aliingia uani mbio. Akamnyakua Zena, akamfungua kinywa, akakisafisha kwa ncha ya kanga yake na maji ya mtungi. Vidole vilikuwa vyeusi; ulimi ulikuwa safi. Akauangalia mara mbili. Halafu akaita majirani, kila mmoja akaja na ndoo yake. Akaniosha kichwa mpaka maji yakatoka meupe, akanipaka mawese penye malengelenge. Majirani walipoondoka ndipo akaketi.

"Ni nini hii ulitia mu kichwa?"

"Rangi ya makoti, mama."

"Ya makoti." Akafuta mawese vidoleni kwa kanga yake. "Mwamini, kichwa yako iko koti?"

Nikacheka na kulia kwa pamoja.

"Juu ya nini haukuniuliza?"

"Niliogopa utasema mama wa watoto hana kazi na urembo."

"Mi nilisemaka vile siku gani?"

Nikaitafuta siku hiyo. Sikuipata.

"Sikia, mwana yangu," akasema. "Kutaka kuwa muzuri haiko kosa. Kosa yako ni kujificha. Ungeniambia, ningemushika mutoto. Mficha uchi hazai, na weye umeshazaa watatu. Unaficha nini tena?"

Nilidhani amemaliza. Lakini akaendelea, polepole, kama anazungumza na vidole vyake. "Tangu baba ya Ramazani alikufa, sijatia hina. Eda iliisha zamani, na hakuna mutu alinikataza. Nilikuwa nangoja tu mutu aniambie: sasa inatosha."

Vidonda vilichukua majuma kadhaa kupona, na nywele nyingine zilitoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza hina kutoka Uvira. Alinionyesha kuilowesha kwa chai nzito na ndimu, kuiacha itoe rangi, kupaka mafuta kwenye paji na masikio, kisha kujaribu mahali padogo nyuma ya sikio na kungoja siku nzima kabla ya kugusa kichwa chote. Siku ya kupaka, jirani alishika watoto. Nywele zangu zilipokwisha kupakwa, nilichukua bakuli nikasimama nyuma ya Bibi Zamda. Alifungua tu kitambaa. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe, na zilipokauka zilikuwa na wekundu wa tofali mpya. Weupe wangu wa mbele ukawa mstari mmoja mwekundu, nami nikaupenda.

Ramazani alikuja kula mchana, akasimama mlangoni, akatutazama sote wawili.

"Leo kuko feti? Tunasherehekea nini?"

"Iko siku ya Mwamini," mama yake akamjibu.

"Mwamini," akasema naye, taratibu, kama anayejaribu kama mdomo wake bado unaliweza jina hilo. Kisha akacheka, na siku hiyo alichelewa kurudi dukani.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kutaka kujiona tena baada ya kuzaa si dhambi, wala humwibii mtoto kitu. Ukitaka rangi, jitie. Ukitaka kuacha weupe wako, uache, mvi si ugonjwa. Lakini kisicho cha kichwa usikitie kichwani, na hata kilicho cha kichwa kijaribu kwanza padogo, mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine. Usifanye kwa kujificha. Na usiwatilie wenzako maneno mdomoni, waulize. Pengine yule unayemwogopa anangoja wewe uanze.

Mungu amkuze mwanao, akurudishie nguvu zako, na akuzungushie watu wa kukupokea mzigo kabla haujakulemea. Amina. Nipe huyo mtoto, nenda kaoge.