Pimbi Wanalisoma Bega

Mawe ya upande wa Butiama yana pimbi wengi. Asubuhi jua likishashika, wanatoka kwenye nyufa, wanajipanga juu ya jiwe kubwa na kuota jua, macho yote chini. Chini yao tulikuwepo sisi, vijana sita, tukijifunza bunduki ya marisau. Atakayefaulu angeajiriwa ulinzi kwenye ghala la samaki, Musoma. Mimi nimeishia darasa la saba, na ile kazi nilikuwa nimeshaiota mpaka vifungo vya sare. Nilishamwambia dada yangu nitamnunulia kitenge, akaniuliza cha rangi gani.

Mwalimu wetu alikuwa askari mstaafu, tukimwita Afande. Wiki mbili za mwanzo bunduki ilikuwa tupu. Panga miguu, kitako begani, shavu kwenye mbao, kidole nje ya triga. Inua, shusha. Inua, shusha. Usiku bega linawaka kama limeungua.

Siku ya risasi za kweli nikaulenga ubao wa shabaha, nikapiga mchanga.

"Upepo, Afande," nikasema.

Wenzangu wakacheka. "Upepo unamjua kwa sura huyu!"

"Tazama juu," Afande akasema.

Jiwe lilikuwa jeupe. Hakuna pimbi hata mmoja.

"Wamekimbia mlio."

"Wamekimbia kabla ya mlio, dogo. Wanalisoma bega lako. Linashtuka kwanza, mkono unafuata, ndiyo maana unapiga chini. Siku utakayopiga mara tatu, na kila ukiinua pimbi wametulia, siku hiyo umefaulu."

Akaichukua bunduki, akasubiri warudi. Wakarudi mmoja mmoja. Akainua taratibu kabisa, na hakuna aliyegeuza kichwa. Mlio ulipogonga mawe ndipo waliporuka, kisha wakasimama wakitafuta umetoka wapi. Walitutazama sisi sita, mmoja baada ya mwingine. Yeye hawakumtazama. Ilikuwa kama pale aliposimama hapakuwa na mtu.

Mwili ulinisisimka. Lakini kazi nilikuwa naitaka.

Nyumbani kwetu, Manyamanyama ya Bunda, nilikuwaga nafanya mazoezi na mchi wa kinu. Mwanzoni nikiinua, kuku wanatawanyika uwanja mzima na dada anapiga kelele: "Wee! Watakataa kutaga hao!" Nikaendelea asubuhi na jioni, kabla ya chai na baada ya ugali. Kuku wakaanza kuchelewa kukimbia. Halafu siku moja dada alikuwa anachambua dagaa, akainua uso na kuangusha ungo.

"Umeinua saa ngapi hiyo?"

Nikaangalia. Mchi ulikuwa begani, shavu limelala juu yake. Sikukumbuka kuuinua. Kuku walikuwa wanadonoa kwenye miguu yangu.

"Usinifanyie hivyo tena, kaka yangu," dada akasema polepole. "Nilikuwa nakutazama, halafu kama haupo."

Nilicheka ili acheke. Hakucheka.

Siku ya mtihani pimbi walikuwa wamejaa jiwe zima. Nikainua, nikapiga, ubao ukatoboka katikati. Nikasubiri wakae. Nikapiga ya pili. Wametulia mpaka mlio. Nyuma yangu hakuna hata mwenzangu mmoja aliyenitania. Pimbi walitazama huku na huku, na kwangu macho yao yalipita tu.

Kabla ya risasi ya tatu, mmoja akashuka na mtoto wake mpaka kwenye mguu wa ubao, wakaanza kula majani. Marisau yanatawanyika, ningepiga pale, wangekufa wote wawili. Nikawa bado nawaza nifanye nini, kumbe mtutu umeshapanda na kidole kimeshaingia kwenye triga. Mikono haikuniuliza. Na yule mama pimbi alikuwa ananitazama usoni, anatafuna, hana habari.

Nikalivuta bega kwa nguvu, nikalipandisha mpaka sikioni.

Pimbi wakatoweka, mama na mtoto, na jiwe zima likabaki tupu. Ndipo nikapiga. Ubao katikati.

"Bega," Afande akasema.

"Nililiinua makusudi, Afande. Palikuwa na mtoto."

"Najua. Nimemwona." Akaliangalia jiwe. "Mimi nilikuwaga nao kama hao shambani kwangu. Nakaa nao kutwa. Siku hizi hata nikiwarushia maganda ya viazi hawajui yametoka kwa nani." Akaandika kwenye daftari. "Mbili kati ya tatu. Hujafaulu."

Kwa hiyo Musoma alienda mwenzangu. Nilishuka na njia ya mawe peke yangu kutafuta bodaboda ya kurudi Bunda, nikifikiria kitenge. Kwenye kona ya mwisho pimbi mmoja alikuwa anaota jua. Akaniona, akapiga ukelele, akatumbukia kwenye ufa.

Nikasimama palepale nikicheka peke yangu kama chizi. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikasubiri atoke, nikapita tena, ili nihakikishe.